Silikoni ya Madirisha

Katika kazi yangu silikoni ni kitu cha mwisho. Fremu ya aluminiamu ikishasimama na kioo kikishaingia na mipira yake, ndipo unachukua bunduki ya silikoni, unakata mdomo wa chupa kwa mshazari, unapita kwenye pembe zote taratibu bila kuinua mkono. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Ukiona mstari umevimba huku na kukonda kule, ujue aliyepita alikuwa na haraka au hajui kazi. Mimi kazi naijua. Tangu ofisi za serikali zihamie Dodoma na watu waanze kujenga kila upande, nimeziba madirisha ya nyumba nyingi kiasi kwamba nikipita Ipagala na pikipiki yangu naangalia madirisha badala ya kuangalia barabara. Mke wangu amenigombeza kwa hilo mara nyingi.

Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba neno hilo, silikoni, nililiona la kwangu. Hakuna mtu aliyekuwa na la kunifundisha juu yake.

Binti yetu alikuwa na miaka sita alipoungua. Ilikuwa mwezi wa nane, wakati upepo wetu unapovuma kuanzia asubuhi na vumbi linaingia hadi kwenye chumvi. Mke wangu alikuwa akikaanga maandazi uani kama siku zote. Vumbi lilipozidi akataka kuacha, nikamwambia hakuna haja. Nikalihamisha jiko, kisha karai, nikaviweka kwenye korido ambako ukuta unakinga pande mbili. Nilijiona nimefanya jambo la akili. Mtoto akatoka chumbani mbio na sare yake ya shule, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akija kuniuliza kama nitampeleka na pikipiki. Jiko lilikuwa halijawahi kukaa pale. Alijikwaa kwenye mguu wa jiko, akaanguka, na karai likamfuata.

Kelele zile sitazieleza. Mafuta yalipita shingoni upande wa kushoto, begani na juu ya kifua. Uso ulinusurika, na kila aliyekuja kutupa pole alisema tumshukuru Mungu kwa kuwa uso umepona. Nilikuwa naitikia, lakini moyoni nilikasirika, kwa sababu shingo nayo ni ya mtu.

Tulikaa hospitali wiki nyingi. Kidonda kilipofunga tukarudi nyumbani tukachinja kuku. Hatukujua kwamba kovu lilikuwa bado halijaanza. Mwanzoni ngozi mpya ilikuwa bapa, laini, ya pinki, na tukajipongeza. Halafu ikaanza kunyanyuka. Ikawa nyekundu iliyokolea, ngumu ukiigusa, na ilimwasha mtoto kiasi kwamba mwalimu alimrudisha nyumbani siku moja kwa sababu alijikuna hadi damu ikapita kwenye kola. Mbaya zaidi, kovu lilianza kuvuta. Kichwa chake kilikuwa kikilalia bega kidogo kidogo. Ukimwita kutoka upande wa kulia, hageuzi shingo. Anageuka mwili mzima kama askari kwenye gwaride.

Nilichoogopa kilikuwa kimoja, na sikumwambia mtu: kwamba mwanangu atakuwa mwanamke mzima mwenye shingo iliyopinda kwa sababu ya jiko nililolihamisha mimi.

Mama yangu alikuja kutoka Kibakwe na chupa ya samli na nyingine ya mafuta ya nyonyo. Mama ana alama ya duara kwenye paji la uso, kama wazee wengi wa Kigogo wa rika lake. Mtoto alikuwa haachi kuigusa.

"Bibi, na wewe uliungua?"

"Nilichomwa nikiwa mdogo kuliko wewe. Wakasema ni dawa ya macho."

"Macho yakapona?"

"Yaliacha kuuma. Ila hata sikumbuki kama yalikuwa yanauma."

Mtoto alicheka, na mimi nilishukuru kumsikia akicheka. Mama alimsugua kwa samli kila jioni kwa kidole gumba, polepole, akizungusha. Baadaye nesi mmoja alituambia kwamba kule kusugua kulimsaidia. Lakini kovu liliendelea kunyanyuka, na mama aliporudi Kibakwe nikampeleka mtoto kliniki.

Daktari alikuwa kijana mchangamfu mwenye foleni ndefu mlangoni. Alilibonyeza kovu, akamwambia mtoto atazame dari, mtoto akashindwa, naye akatikisa kichwa.

"Mzee, huyu tumwanzishie silikoni. Kwa kovu kama hili, likiwahiwa, inasaidia sana. Mnaiweka kila siku, inakaa muda mrefu juu ya kovu. Na mazoezi ya shingo. Una swali?"

Akaandika neno hilo moja kwenye karatasi. Sikuwa na swali. Fundi akitajiwa kifaa chake anauliza nini? Nilitoka pale nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kwa sababu hatimaye kulikuwa na kitu ninachoweza kukifanya kwa mikono yangu.

Sitaki kujionyesha mjinga kuliko nilivyokuwa. Nilienda maduka ya dawa, matatu. Mawili waliniambia hawana. La tatu, binti aliyekuwa kaunta aliisoma karatasi, akaigeuza, akaniuliza, "Silikoni? Si ile ya hadiwea?" Akacheka. Nami nikacheka, nikamwambia, "Hiyo ninayo katoni nzima."

Jumamosi jioni nilichukua kioo safi, nikakifunika nailoni, nikapaka silikoni ile angavu tunayoziba nayo madirisha ya bafuni. Nikaisawazisha kwa ubapa wa bomba la aluminiamu hadi ikawa nyembamba kama chapati. Jumapili baada ya kanisa nikaibandua na kuikata kwa rula na kisu cha vioo, pembe nne, kingo zimenyooka. Ilikuwa kazi nzuri. Hata sasa nikikumbuka ilivyotoka naona ilikuwa kazi nzuri, na hilo linanikera.

Kuna jambo moja nililolijua, na siwezi kusingizia mtu. Silikoni ile haikaushwi na jua kama rangi. Inakaushwa na unyevu wa hewa, na hewa ya Dodoma ni kavu. Mafundi wanaotoka Pwani huwa hawaamini mpaka waone: kule inakauka upesi, huku kwetu, juu inajifunga lakini ndani inabaki mbichi, inanuka siki. Kipande changu kilikuwa kikinuka siki. Nilikinusa mwenyewe.

Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama.

"Una uhakika?"

"Daktari kasema silikoni."

"Alisema hii?"

"Kwani kuna silikoni ngapi?"

Akageuka akarudi jikoni. Mke wangu akinyamaza huwa ana maana, lakini siku ile sikutaka kuijua.

Mtoto alikaa kwenye kigoda mbele yangu, amefungua vifungo vya gauni, amenyoosha shingo kadiri alivyoweza. Alikuwa na furaha. Aliwaambia watoto wa jirani kwamba baba yake amemtengenezea dawa mwenyewe. Nikaweka kipande kuanzia chini ya sikio hadi begani, nikakifunga kwa bandeji. Haikupita muda mrefu akasema, "Baba, inachoma."

Nikamwambia, "Vumilia kidogo mwanangu. Dawa inafanya kazi."

Naye akavumilia. Akakaa na kitu kile mchana mzima, akicheza kwa mkono mmoja, bila kulia, kwa sababu mimi nilisema dawa inafanya kazi na yeye alikuwa bado ananiamini kwa kila kitu. Karibu na muda wa chakula cha jioni mke wangu aliifungua bandeji bila kuniuliza. Sehemu ya shingoni, kwenye kovu nene, ilikuwa imewiva na kuwa nyekundu. Lakini chini, begani, ambako ngozi ilikuwa nyembamba zaidi, ilikuwa imegeuka nyeupe na inatoa maji. Jeraha jipya lilikuwa na pembe mbili zilizochongoka na upande ulionyooka, vilevile nilivyokata.

Mke wangu alimwosha kwa maji safi, maji mengi. Kisha akanitazama, akasema, "Kesho utakwenda wewe. Utawaeleza wewe."

Nilikwenda. Safari hii hatukumkuta daktari bali nesi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Tulimwamkia shikamoo sote wawili, mtoto na mimi. Akaitikia, akamkalisha mtoto kitandani, akafunua bega.

"Mmeweka nini hapa?"

"Silikoni. Kama tulivyoagizwa."

"Silikoni haifanyi hivi. Mliinunua wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Nilifungua begi langu la kazi, nikatoa chupa, nikaisimamisha juu ya meza yake kati ya pamba na mkasi. Aliichukua, akaisoma pande zote, akasogeza miwani.

"Baba, hii ni ya madirisha."

"Ndiyo, mama. Mimi ni fundi madirisha."

Nilidhani atacheka, au atafoka. Ningependelea afoke. Alivuta droo, akatoa kipande kidogo kilichobaki kwenye pakiti, akanipa nikishike. Mikono yangu ilijua papo hapo kwamba si ndugu wa kile changu. Kilikuwa laini kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, hakina harufu, kinajishika chenyewe bila gundi na kinatoka bila kuvuta hata unywele.

"Zinafanana jina tu," akasema. "Hii imetengenezwa kukaa kwenye ngozi ya mtu. Inazuia maji ya ngozi yasipotee. Ngozi ikitulia, na kovu linatulia. Ndivyo tunavyoelewa, ingawa hata wakubwa wetu hawajakubaliana juu ya kila kitu."

"Litaisha?"

"Sitakudanganya. Halitaisha. Litashuka, litalainika, litaacha kuwasha, na kwa mazoezi shingo itarudi. Wengine linashuka sana, wengine kidogo. Kwa huyu ninaona kuna nafasi kwa sababu kovu bado changa. Lakini kwanza hili jeraha lako lifunge. Hatuweki silikoni kwenye kidonda kibichi hata siku moja."

Alisema "jeraha lako" bila kunitazama, akisafisha bega la mwanangu. Sidhani alikusudia kuniumiza. Kisha akaongeza kwamba kosa lilikuwa lao pia, kwa kuliacha neno peke yake kwenye karatasi mbele ya mtu mwenye foleni nyuma yake. Nilikataa msaada huo. Nilimwambia nesi kwamba mtoto alisema inachoma, na mimi nikamwambia avumilie.

Tulisubiri wiki kadhaa jeraha langu lifunge, na wiki hizo kovu la shingoni liliendelea kuvuta. Huo nao ulikuwa muda niliomnyang'anya mwanangu. Vipande halisi vilitoka Dar es Salaam kwa basi, nesi alitusaidia kuviagiza, na mke wangu akafundishwa kila kitu. Kuanza kwa saa chache, ngozi izoee, kisha kuongeza hadi kikae usiku kucha na sehemu ya mchana. Kukitoa, kukiosha kwa sabuni isiyo na manukato, kukiacha kikauke chenyewe. Jua likiwa kali na mtoto ametoka jasho, kukipumzisha, maana jasho likifungiwa linaleta vipele. Shida yetu kubwa ilikuwa vumbi. Kikianikwa tu kinakusanya vumbi, na kikiwa na vumbi hakishiki tena. Nikatengeneza kijisanduku cha kioo chenye mfuniko na matundu madogo ya hewa pembeni, cha kukaushia kipande kile. Nilikiweka juu ya kabati. Mke wangu akaanza kukitumia.

Mimi sikuruhusiwa kumgusa shingo. Hakuna aliyenikataza isipokuwa mtoto mwenyewe. Hakuninunia. Aliendelea kula kwenye sahani yangu, aliendelea kupanda pikipiki mbele yangu, na aliendelea kuniuliza maswali yasiyo na majibu. Lakini mkono wangu ukikaribia upande wa kushoto, alikuwa anafunika shingo kwa kiganja. Hata nikitaka kumtoa mdudu. Ilikuwa haraka kuliko alivyoweza kufikiri, na ndiyo sababu iliniuma. Angekuwa amekasirika ningemwomba radhi yakaisha. Ni mwili wake uliokuwa umejifunza jambo kunihusu.

Ikapita miezi mingi hivyo. Halafu shangazi yake mke wangu akafariki kule Bahi, na mke wangu akaondoka kwenda msibani kwa siku mbili. Aliacha maelekezo, akayarudia, akaniambia, "Akikataa, mwache. Usimlazimishe."

Alasiri ile, baada ya kuoga, mtoto alikuja nilipokuwa nimekaa kwenye mkeka. Amebeba kijisanduku cha kioo kwa mikono miwili. Akakiweka chini kati yetu.

"Umeosha mikono?"

"Nimeosha."

"Weka kwako kwanza."

Sikuelewa mara moja. Akanyoosha kidole kwenye mkono wangu, upande wa ndani, palipo na ngozi laini. Nikakitoa kipande, nikakibandika pale.

"Sasa kaa," akasema.

Nikakaa. Yeye akatoa daftari akaanza kazi zake za shule, hesabu za kutoa kwa kuazima, na kila baada ya muda ananyanyua macho.

"Inachoma?"

"Haichomi."

"Usinidanganye, baba."

"Haichomi mwanangu. Ina ubaridi kidogo."

Aliniuliza mara tatu au nne. Alipomaliza hesabu zake alikibandua mwenyewe, akakagua mkono wangu kwa makini, akaunusa. Akaenda kukiosha kwa sabuni, akakirudisha kwenye sanduku, tukasubiri kikauke. Hakuna kazi niliyowahi kuisubiri vile. Kilipokauka akageuka, akafungua vifungo, akanipa upande wa kushoto.

Nilikiweka polepole kuanzia chini ya sikio, nikakilaza kufuata shingo, na nilipofika begani nikasema neno ambalo kwa miezi yote ile nilikuwa nimewaambia watu wengine wote isipokuwa yeye.

"Nisamehe, mwanangu."

"Usibonyeze," akanijibu.

Nikaacha kubonyeza.

Kuwasha ndiko kulikotangulia kuondoka. Siku moja tu tukagundua kwamba ana muda mrefu hajajikuna. Kisha kovu likalainika, unalifinya linafinyika. Rangi ikapoa ikasogea karibu na ngozi yake. Shingo ilichukua muda mrefu zaidi, na hapo silikoni peke yake isingetosha. Yalikuwa mazoezi kila asubuhi na jioni, mengine akilia. Nilikuwa nikimwita kutoka upande wa kulia, kwa makusudi, kutoka jikoni, kutoka uani, ili nione kitakachogeuka. Asubuhi moja nilimwita akageuza shingo, shingo tu, mabega yametulia pale pale. Nilisahau nilichomwitia.

Watu wanapenda kuuliza kama limeisha. Huwa nawaambia limelala. Liko, unaliona akivaa gauni la mikono mifupi, lakini halimvuti tena na halimnyimi usingizi. Kwa anayeuliza kama silikoni inafaa, nasema inafaa, ikiwa ni yenyewe, ikiwahi, na ikiwa kuna mtu mwenye subira kuliko mimi wa kuiosha kila siku. Lile la begani ndilo halikushuka sana. Nesi alisema ngozi ile iliumizwa mara mbili, ikachoka. Limebaki na rangi iliyopauka, na upande ulionyooka.

Mara ya mwisho tulipokwenda kliniki alikuwa na miaka minane. Tulimkuta mwanafunzi wa udaktari, dada mpole mwenye koti jipya, ambaye alikuwa hatujui. Alifungua faili jipya, akamwomba mtoto atazame dari, ukuta, dirisha, mlango. Mtoto akatazama kote. Mwanafunzi akatabasamu, akaandika. Kisha akainama begani, akakunja uso kidogo, akapitisha kidole pale palipobadilika.

"Haya ni makovu mawili tofauti," akasema, na badala ya kuniuliza mimi akamuuliza mwenyewe. "Unakumbuka uliyapataje?"

Nilikuwa na maelezo yangu. Nimeyasema mara nyingi: daktari alikuwa na haraka, neno liliandikwa peke yake, binti wa duka la dawa ndiye aliyetaja hadiwea. Yote ni kweli. Nilifungua mdomo.

Mtoto akaweka kidole shingoni. "Hili la mafuta." Akakishusha hadi begani. "Hili la baba."

Alisema kwa sauti ileile, kama anayeonyesha daftari la hesabu na daftari la Kiswahili. Hakukuwa na hasira ndani yake, na hakukuwa na msamaha pia. Kalamu ya yule dada ilisimama juu ya karatasi. Akanitazama, kwanza usoni, kisha mikononi, na nikajua anafikiria kwamba nilimchoma mtoto kwa makusudi, maana hata mimi ningefikiria hivyo hivyo. Nilisikia aibu ikinipanda, na chini ya ile aibu kitu kingine, kwamba mwanangu amesema kwa maneno matatu jambo ambalo mimi nilikuwa naliwekea maelezo mwaka wa pili sasa.

"Niandike hivyo?" yule dada akauliza, polepole.

"Ndiyo," nikasema. "La kwangu hilo."